Beseni la Mlangoni

Kibanda cha makuti nilichofikia kisiwani hakikuwa na umeme wala jirani, na bahari ilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Nilikipenda papo hapo. Kilichonikera ni beseni la maji ya kisima mlangoni, la kuoshea mchanga miguuni. Mimi nimekulia Mtinko, nikifuata maji mbali; maji safi namna ile niyakanyage? Siku mbili nikaliruka, nikalala na mchanga wangu.

Siku ya tatu mama mwenye kibanda akaniuliza kwa upole kama nina kidonda mguuni. Nikamweleza. Akacheka, akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye mchicha uliostawi ajabu.

“Huu ndio unaokula kila jioni,” akasema. “Naumwagilia maji ya miguu ya wageni.”

Jioni ile niliosha miguu mara mbili, kisha nikaomba mchicha niongezewe.