Sifuri ya Bi Mkubwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja pale Wete. Mbele yangu alisimama mwalimu wa kisomo cha watu wazima kutoka Kiuyu, pamoja na mwanafunzi wake, bi mkubwa wa umri wa bibi yangu. Walifuata vitabu na mitihani ya bure.

"Vya bure ni vya wasiojua kusoma," karani akasema huku akifunika kalamu. "Nyie mmefaulu wote. Darasa linafungwa."

"Mie sijafaulu," bi mkubwa akadakia, "na darasa bado nalitaka. Nipe mtihani tena."

Akapewa maswali kumi ya kuchagua jibu. Akavaa miwani, akayapitia kwa kidole, neno kwa neno. Kakosa yote.

"Hata moja la kubahatisha, bi mkubwa?" karani akauliza.

"Bahati gani, mwanangu? Kila swali nimelisoma mara mbili nisije nikapatia."

Foleni nzima tukacheka. Karani hakucheka. Kwake sifuri ni sifuri, na kwetu hapa anayetaka kuendelea kusoma sharti asijue kusoma. Akagonga muhuri, akamsukumia karatasi na vitabu.

Bi mkubwa akaisogeza karatasi kwenye miwani, akasoma kwa sauti: "Hajui kusoma."

Akaikunja vizuri. "Ahsante, mwanangu. Hapo umepatia."