Kipande cha Reli

Kanisa letu la Makongeni halikuwahi kununua kengele. Tulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye boriti, na nyundo yake pembeni. Waanzilishi walikuwa wafanyakazi wa reli, kwa hivyo hakuna aliyeona ajabu. Jumapili ya mwisho ya mwaka mchungaji husoma majina ya wazee waliotangulia, na kila jina hugongewa mara moja. Mama aligonga miaka mingi. Alipofariki nikashika nyundo mimi, na jina lake likaingia kwenye orodha.

Mwaka huu tumeambiwa mtaa utavunjwa. Nusu ya waumini wamekwisha kuhamia Kayole na kwingineko, na hakuna anayejua Januari tutasali wapi, wala kama tutasali pamoja. Ndipo baraza la kanisa likaamua kwamba kwa mara hii ya mwisho reli igongwe na binti wa mzee aliyeibeba begani kutoka karakana.

Binti mwenyewe anakaa Donholm. Tulikua mlango kwa mlango, tukichota maji kwenye mfereji mmoja. Kisha akaolewa vizuri, akahama, tukawa tunamwona Krismasi kwa Krismasi. Mimi ndiye niliyebaki nikifagia, nikipanga viti, nikipika chai ya matanga ya wazee haohao. Sasa aje yeye na kilemba chake kipya ashike nyundo yangu! Sitaficha: nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda.

Asubuhi ya Jumapili yenyewe alinifuata nikipanguza viti.

"Dada, kwani hii kitu inagongwa aje? Nisije nikaaibisha babangu."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Siku ya kwanza kabisa aliponijaribisha nyundo nikiwa mtoto, mama aliniambia nisiiguse reli kwa mkono ninapogonga, kwa sababu ikishikwa haitoi sauti.

"Wewe gonga tu," nikamwambia. "Si ni chuma?"

Akanishukuru. Nikaendelea kupanguza kiti ambacho nilikuwa nimekwisha kukipanguza.

Kanisa lilijaa, hata waliohama walirudi. Jina la kwanza lilikuwa la babake. Aliona reli inayumba, akaishika kwa mkono wa kushoto, kwa heshima kabisa, akapiga. Du! Kama mtu amegonga gunia la mahindi. Watu wakatazamana. Jina la pili, du. La tatu, du. Mzee aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba hata reli imejua tunafukuzwa.

Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma, mikono mapajani, nafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Nilikuwa nikijiambia, wacha waone kazi si kilemba.

Kisha mchungaji akasoma jina la mama.

Wivu ulikuwa umenisahaulisha kwamba naye yumo. Du, ikasema reli, na mchungaji akavuta pumzi asome jina linalofuata. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sikumbuki nilivyopita katikati ya viti. Nakumbuka nimeushika mkono wake na kuubandua kwenye chuma.

"Usiishike! Ukiishika hailii! Mchungaji, tafadhali, rudia jina la mama."

Mchungaji akarudia. Nikachukua nyundo, nikagonga. Reli ikalia vile ilivyokuwa ikilia tangu nikiwa mtoto, mpaka nje, na mama mmoja upande wa kwaya akaanza kulia kwa sauti. Hata mimi machozi yalinitoka. Nikamgeukia yule binti nimrudishie nyundo.

Hakuipokea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu, pale nilipouacha. Nikaona anakumbuka maneno ya asubuhi, moja moja.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema polepole. "Na babangu?"