Upande wa Mganga

Siku hizi nikisikia mtu anasema mtazamaji ndiye hakimu wa mwigizaji, nakasirika. Hakimu huyo namjua. Nilikutana naye Shinyanga, katika ile miaka ya tisini vikongwe walipokuwa wakikatwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, eti ni wachawi.

Kikundi chetu cha maigizo kilizunguka vijijini kupinga mauaji hayo. Ilipofika zamu ya kijiji cha shangazi yangu, njia ya kwenda Kahama, nilicheza kwa moyo wangu wote. Shangazi alikuwa mjane. Kuni zilikuwa adimu, akipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi ulishayaivisha macho yake yakawa mekundu. Watoto wa jirani walikuwa wameanza kumkimbia. Nilitaka watu wamwone yeye ndani yangu, wamwache aishi.

Uwanja tuliugawa pande mbili: kulia mganga mpiga ramli, kushoto bibi kizee, yaani mimi. Hapo ndipo tulipojimaliza wenyewe. Usukumani, manju wawili, yaani viongozi wa ngoma, wakishindana, watu huhamia kwa anayewafurahisha, na aliyekimbiwa ndiye kashindwa. Na mganga wetu alikuwa fundi hasa! Alitikisa njuga, akaimba, akaninyooshea usinga kwamba mchawi ni mimi. Watu wakaanza kuhama, kwanza mmoja mmoja, halafu makundi kwa makundi, wakipiga vigelegele. Mimi nalia, naapa sijamroga mtu. Wao wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwenzangu aliyecheza mganga, mjinga yule, akanogewa na makofi, akazidisha madoido.

Upande wangu akabaki mtu mmoja tu, shangazi, kwenye kigoda alichokuja nacho. Basi nikamwigizia yeye peke yake. Akawatazama wale waliohama, akanitazama mimi, kisha akainuka na kigoda chake, akajikokota hadi upande wa mganga. Alipofika, akaanza kupiga makofi.

Onyesho lilipokwisha nilimfuata nyumbani, nimefura kwa hasira.

"Shikamoo, shangazi. Na wewe ukahama?"

"Marahaba, mwanangu. Umecheza vizuri mno." Aliinama akapuliza moto, moshi ukamfunika uso. "Lakini nilipobaki pale, walikuwa hawakutazami wewe tena. Walikuwa wananitazama mimi."