Mtegemezi Aliyezeeka

Sisi Wagusii Kiswahili tulikutana nacho darasani, na ngeli tulizimeza kwa kuogopa kiboko. Tulipomaliza shule tukazitapika. Mtu akinisahihisha hadharani hunipandisha hasira, maana tumeshaelewana, sasa anataka nini tena? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijitetea hadi wiki ile ya kabla ya shule kufunguliwa.

Natengeneza kurasa za maduka mtandaoni, mjini Kisii, katika chumba kilicho juu ya fundi viatu. Nairobi niliikataa. Hapa Jumapili niko Nyamache kwa mama yangu, nakula ndizi za shambani kwake, na roho yangu imetulia. Lakini raha yote hiyo ilitegemea mteja mmoja, mama wa Kiislamu mwenye duka la sare za shule. Wazazi wa Mosocho na Nyakoe huagiza sare kwake kwa simu, kupitia ukurasa niliomtengenezea. Alikuwa ameniambia waziwazi kwamba ukurasa wenye bei mpya uwe tayari kufikia Jumamosi, la sivyo atatafuta mtu mwingine. Nikimkosa huyo, nafunga virago.

Ijumaa asubuhi nikakagua usalama kabla ya kuujenga upya. Siku hizi hakuna anayeandika programu peke yake. Zana ninazojengea kurasa, hizi za JavaScript, huja na mamia ya vifurushi vidogo vilivyoandikwa na watu nisiowajua, kila kimoja kikitegemea kingine. Kimoja kikiwa na tundu, mwizi anaweza kupitia hapo hadi dukani kwa watu. Kompyuta ikaniambia lipo tundu, tena kubwa, katika kifurushi cha zamani ambacho mwandishi wake alishakiacha.

Ipo amri ya kurekebisha kila kitu kwa nguvu. Haraka haraka haina baraka, nalijua hilo tangu utotoni, na bado nikaipiga. Ikabadilisha zana kuu nzima, na ukurasa ukagoma kujengeka. Nilitukana mpaka fundi viatu akagonga dari yake kwa nyundo. Kisha nikamwandikia mteja wangu ujumbe, kwa heshima zote:

"Mama, samahani, leo nimekwama. Wategemezi wangu wamepatikana na udhaifu. Mmoja amezeeka sana na hakuna tena anayemtunza. Nafikiri nitamtoa leo ili kazi yako iendelee."

Hakujibu. Nikaona heri, nikarudi kazini. Nilirudisha mambo yote yalivyokuwa kabla ya ile amri, nikaanza kuuliza kwa subira: wewe mbovu, uliletwa na nani? Kumbe kililetwa na kifurushi cha kupunguza ukubwa wa picha, ambacho nilikuwa nimeacha kukitumia. Nikaving'oa vyote viwili. Vingine nikavisasisha kimoja kimoja, nikijaribu ukurasa kila baada ya kimoja. Ukajengeka! Nilifurahi, jamani, nikacheka peke yangu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mteja wangu, amebeba chupa ya uji, na macho yamewiva.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Huyo mzee unayemtoa! Umeshamtoa?"

"Nimemtoa, Mama. Asubuhi hii."

"Astaghfirullahi! Umempeleka wapi?"

"Sijampeleka popote. Nimemfuta tu."

Akaketi kwenye kiti changu, mkono kifuani. Hapo ndipo akili ilipogutuka. Nikageuza kompyuta, nikamwonyesha orodha ndefu ya vifurushi, nikamweleza kwa jasho kwamba hao ndio wategemezi, si watu, ni programu.

Alitazama kioo, akanitazama mimi. "Vitegemezi," alisema polepole. "Vi-te-ge-me-zi. Mtu ni mtegemezi, kitu ni kitegemezi. Mwalimu wako alikufunza nini?" Halafu akacheka hadi machozi yakamtoka, nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka kwa aibu.

Nilimfungulia ukurasa wake. Akaupitia sweta kwa sweta, bei kwa bei, akaridhika. Kisha akatoa simu mkobani, akampigia mtu, akamwambia: "Ile kazi niliyokupa asubuhi, usije tena. Nimeshapata mtu."

Nikashtuka. "Mama, ulikuwa umeshanifuta kazi? Na Jumamosi haijafika?"

"Kuchelewa ningekuvumilia, mwanangu. Biashara ina kuchelewa. Lakini mtu wa kumtoa mzee nje kwa sababu amezeeka na hana wa kumtunza, huyo ningempaje funguo za duka langu?"

Akanimiminia ule uji aliokuwa amemletea mzee, akakaa akisubiri niumalize.