Maharagi Matano ya Nkambo

Nimerudi kwetu Wamaza, rafiki yangu, nikiwa nyuma ya pikipiki kama gunia la mihogo, kwa ajili ya matanga ya yaya. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Huyu alikuwa binti wa mama mkubwa wangu, na sote wawili tulilelewa na nkambo, mama wa mama zetu, tukilala mkeka mmoja. Kabla ya kufika msibani nilimwomba kijana wa pikipiki asimame kidogo pale bondeni, nione mashamba ya mpunga. Hayapo. Kuna majani marefu tu, na kijito ambacho nacho kimepungua.

Nikafumba macho, na wee, vyote vikarudi. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, mpunga na pamba vililimwa kwa amri. Mpunga ukianza kuiva, watoto tulishinda ulingoni, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tukifukuza ndege. Tulikuwa na kamba ndefu yenye mikebe mitupu ya sardini. Ukivuta, bonde zima linalia. Nkambo alitufungia mihogo ya kuchoma kwenye jani la ndizi, na mafuta ya ngazi, yaani mawese, na chumvi kidogo. Mchana ulikuwa mrefu, mlaini, wenye usingizi. Mpaka leo nikinusa mafuta ya ngazi yakipata moto, nasikia ile mikebe.

Hesabu zilitufuata hata huko juu. Mwalimu wetu wa shule ya kanisa, mtu wa shingo ndefu na subira fupi, alikuwa na mtindo wake wa kumpata wa kufagia darasa. Alitia maharagi kwenye kibuyu, punje nyekundu kadhaa na nyeupe moja tu. Wanafunzi wawili walichota kwa zamu bila kuangalia, na punje iliyotoka haikurudi. Nyeupe ikikuangukia, ufagio ni wako. Siku moja akatuuliza: "Nyeupe inapenda nani zaidi, wa kwanza ao wa pili?" Darasa likawa soko. Akafunga masikio kwa vidole. "Musinijibu na midomo. Muende mukahesabu!"

Basi tukahesabu ulingoni, kwa kibuyu chetu cha maji na maharagi tuliyoyaiba jikoni. Kila nyeupe ilipotoka tuliweka ganda la karanga, upande wa yaya au upande wangu. Mimi nilishinda mara kadhaa nikiwa wa pili, nikaapa kwa nguvu zote kwamba wa pili ndiye mwenye bahati. Yaya alicheka mpaka jukwaa likatikisika. Ndiye aliyeliona jambo, amelala chali, jua likimchezea usoni.

"Mudogo, angalia," akasema. "Zikiwa ine, mimi ninatia mukono mara mbili, na weye mara mbili. Sawasawa. Lakini zikiwa tano, wa kwanza anatia mara tatu, wa pili mara mbili tu. Hapo wa kwanza iko na nguvu."

Jambo dogo hivyo! Nililirudia moyoni siku nzima, likawa tamu kuliko mihogo. Ndege, kwa upande wao, walikuwa wanakula.

Kisha ikaja habari kutoka Kasongo. Masera, wale watawa wenye shule ya wasichana, wangepokea mtoto mmoja kutoka nyumba yetu. Nkambo asingeweza kutuachilia wote, shamba lingebaki na nani? Mimi niliitaka shule hiyo kupita kitu chochote. Yaya naye, kila jioni nilimwona anafua gauni lake, lile lile moja, kana kwamba safari ni kesho.

Nkambo alikataa kuchagua. "Nikichagua, mumoja atanichukia mupaka nife. Tutafanya ya mwalimu. Mwenye nyeupe ataenda." Akaleta chungu, akadondosha punje akihesabu kwa sauti. Nyekundu nne. Nyeupe moja.

Tano. Yaya na mimi tukaangaliana. Nkambo hakujua lolote. Kwake yalikuwa maharagi tu. Na nyumbani kwetu mkubwa ndiye huanza, kwa chakula, kwa maji ya kuoga, kwa kila kitu. Yaya hakuhitaji hata kuomba, angenyoosha mkono tu. Akarudi nyuma.

"Mudogo, anza weye."

Nikaingiza mkono. Nyekundu. Yaya akaingiza wake, akautoa, akaufungua polepole, na nyeupe ikawa imelala hapo kiganjani. Unafikiri nani alilia? Yeye. Alinikumbatia akisema, "Nilikupa, mudogo, nilikupa," na nkambo akadhani ni furaha ya safari. Mimi machozi yangu yalikuja baadaye, lori lilipomchukua, na jamani, yalikuja.

Likizo ya kwanza alirudi na viatu mkononi, akapanda moja kwa moja ulingoni na kibao chake cha kuandikia. Kila alichofundishwa Kasongo akanifundisha, herufi, kugawanya, hata nyimbo za masera. Nilipomwambia apumzike alinikemea: "Tulitia mikono wawili. Masomo nayo iko ya wawili." Nkambo alikuwa anapiga kelele kutoka chini, "Ndege wanamaliza mupunga! Munafanya nini huko?" Tulivuta kamba bila kuinua macho. Nilikuwa na furaha, rafiki yangu, furaha ambayo sijaipata tena mahali popote.

Ulingo umeoza, mikebe imekwenda, na nkambo, na mwalimu na shingo yake. Jana tulimzika yaya. Padri alipomaliza, watu wakasimama kando ya kaburi, na mimi nikasimama nao, nikingoja mkubwa atupe udongo kwanza. Maisha yangu yote nimengoja hivyo, isipokuwa siku moja tu. Nikageuka kumtafuta huyo mkubwa. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

Mjukuu wa yaya akanigusa bega. "Nkambo," akasema taratibu, "anza weye."

Nikainama, nikatia mkono kwenye udongo.