Skrini Ilisema Betri Zimejaa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nililisikia la mkuu, nusura nimzikishe mtoto wa watu.

Ilikuwa hapa Juba, mtaa wa Nyakuron, kwenye kliniki ninayotunza umeme wake wa sola.

Saa sita mchana. Mawingu tangu juzi. Skrini ya betri pale ukutani inasoma asilimia mia moja.

Lakini feni inazunguka kama imelewa.

Mia inatoka wapi bila jua?

Wodini, kichanga cha mama aitwaye Abuk, cha siku mbili, kilikuwa kinapumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine hiyo ilikula umeme wa betri hizo hizo.

Nikamkimbilia bosi wangu Trevor, Mkenya mwenzangu. Alikuwa uani anapanga viti vya wafadhili waliokuja kuona sola yetu.

"Bosi, betri haziko sawa."

"Valary, skrini inasema ngapi?"

"Mia."

"Basi ni mia. Diploma yako isinipandishe presha leo."

"Tuwashie wodi jenereta, basi."

"Jenereta ni ya spika na friji ya soda. Wageni wameambiwa wodi inaendeshwa na jua. Usiguse kitu!"

Nikatii. Nusu saa nzima nikagawa soda kama mjinga.

Roho ikakataa. Nikarudi chumba cha betri na mita yangu.

Volti kumi na moja nukta mbili.

Kwa betri za volti kumi na mbili, hapo ni kukata roho. Zikifika kumi nukta nane, inverta inayopeleka umeme wodini hujizima yenyewe.

"Sista Adhel!" nikamwita muuguzi. "Nani anaigusa hii skrini?"

"Ni mimi. Kila asubuhi nafinya hivi vibonyezo viwili pamoja, najaza betri."

"Unajaza?"

"Ndiyo! Leo wageni walipofika ilisoma thelathini na moja. Nikafinya, ikaruka mia. Nikapiga picha, nikatuma kwa grupu ya wafadhili."

Vibonyezo vile havijazi chochote. Vinaiambia skrini ianze kuhesabu upya kutoka mia. Ni sawa na kusukuma mshale wa mafuta kwa kidole, halafu useme tangi limejaa.

"Nani alikufundisha?"

"Si ni Trevor! Alisema wafadhili hawapendi namba ndogo."

Kumbe bosi alijua.

Mita ikashuka. Kumi na moja kamili. Kumi nukta tisa. Kumi nukta nane.

Piii! Mashine ya oksijeni ikalia.

"Jena tai!" Abuk akapiga ukelele. "Mtoto wangu!"

Nikatoka mbio. Waya mrefu wa jenereta ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umechomekwa kwenye spika. Trevor alikuwa kwenye maikrofoni, tai shingoni.

"Wageni wapendwa, hapa kwetu jua halijawahi kutuangu..."

Nikachomoa.

Spika zikazima. Macho yote kwangu. Nikauburuta waya katikati ya viti, soda zikamwagika, nikaupitisha dirishani. Adhel akaudaka, akachomeka mashine.

Taa ya kijani ikawaka.

Tulisimama tukikitazama kile kifua kidogo. Kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Abuk akaketi sakafuni, akalia bila sauti.

Trevor alinifuata hadi mlangoni, jasho likimtiririka.

"Umeniaibisha! Rudi pale useme malesh kwa wageni. Omba radhi, la sivyo kesho usije kazini."

Nikarudi kweli. Spika hazikuwa na umeme, lakini mdomo wangu hauhitaji umeme. Nikawaeleza wageni yote, vibonyezo, picha za grupu, na aliyewafundisha watu. Nikainua mita waisome wenyewe.

Wewe unayeishi kwa sola, nisikilize. Skrini husema ilichoambiwa. Zima chaja, zipumzishe betri, kisha zipime mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ukiona namba nzuri bila jua, shtuka.

Kazi nilipoteza. Trevor bado anatuma watu, eti nikiomba radhi atanirudisha.

Siombi.