Mwembamba Ndio Wenye Kazi

Nilipopoteza kazi ya ukarani Nyegezi, mimi na mke wangu tulihamia kwa wazazi wake, ufukweni Ilemela. Mwanamume kuishi ukweni si jambo la kujisifia. Baba mkwe magoti yalikuwa yamemgomea, na mtumbwi wake walikuwa wakienda nao majirani wawili. Kazi iliyobaki nyumbani ilikuwa kuunga nyuzi nyembamba za ndoano kwenye kamba nene, na aliyeijua vizuri ni mama mkwe. Nisingeiweza hiyo, ningeendelea kula ugali wa watu bure, na niliona aibu kila sahani ilipowekwa mezani.

Taabu ni kwamba kwetu Kagera na kwao Usukuma, mkwe hasogelewi. Sikuweza kukaa ubavuni mwa mama mkwe nitazame vidole vyake, wala kupokea kitu mkononi mwake. Basi alikuwa akifunga fundo moja, analiweka juu ya jiwe, anaondoka. Akishaingia jikoni, nami naenda kulichukua. Nilijifunza kufunga kwa kufungua. Zilipita siku kadhaa kabla sijatambua kwamba analiacha legelege makusudi, ili nisitumie meno.

Mafundo yangu niliyafunga kwenye kamba ya kuvulia yenyewe, nikaiweka juu ya jiwe lilelile. Asubuhi niliyakuta yamefunguliwa, nyuzi zimenyooshwa na kupangwa. Bora angenitukana. Nilikuwa nafunga kama tunavyofunga mizigo ya ndizi, kamba zote mbili zinapindana, kila moja na sehemu yake. Uzi mwembamba ukivutwa tu, unachomoka. Nilinuna. Nilimwambia mke wangu kwamba mama yake ananionea.

Alikwenda jikoni, akarudi anacheka.

"Mama anasema kamba nene iache ilale. Mwembamba ndio wenye kazi. Uuzungushe mara sita, uuloweshe kwa mate, ndipo ukaze."

Karani mzima naambiwa niteme mate. Nikatema.

Yaliyofunguliwa yakaanza kupungua: leo manane, kesho matatu. Kisha mchana mmoja nikakuta jiwe ni tupu.

"Ameyatupa?" nilimuuliza mke wangu.

"Ameyapeleka mtumbwini."

"Ameyakagua kwanza?"

"Hapana. Kayachukua tu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Makosa yangu yote yalikuwa yameishia juu ya jiwe. Sasa yangeishia ziwani, pamoja na ndoano za mzee.

Kesho yake asubuhi mtumbwi ulirudi na sangara watatu. Niliivuta kamba yote mchangani, nikahesabu nyuzi mara mbili. Hakuna uliochomoka. Mama mkwe alipita kwa mbali, uso ameugeuzia upande mwingine kama desturi inavyotaka. Lakini safari hii hakumtuma mtu.

"Mkwe," alisema, akilitazama ziwa, "kesho ufunge sitini."